Pindo la Akiba

Wete, Ijumaa usiku, umeme umekwenda tena.
Juu ya meza yangu ya kukatia
tumekunjua ramani aliyoichora Asaa
nyuma ya kalenda ya mwaka jana:
pango, mto, daraja lisilo ukingo.
Kastabini ni Kombo, askari wa deraya.
Kifungo cha koti ni Rukia, mpiga mishale.
Mimi mganga, sindano iliyokatika tundu,
na zimwi ni kikopo cha mafuta ya cherehani.

Nikasema: namkuza Kombo.
Dadu likabingirika, likakubali.
"Basi," Asaa akasema, "kichwa chake kinagusa paa la pango."
Na hapo mchezo ukasimama,
maana Rukia aliuliza:
"Na nguo zake?"

Kombo, muuza chaja na betri pale sokoni,
akaapa kila alichovaa kinakua naye,
upanga, deraya, gidamu za viatu,
hata vumbi la mfukoni.
La sivyo nini, mtu mzima abaki uchi mbele ya zimwi?

Rukia anasomesha hesabu, hapokei cha bure.
Mshale ukikua upindeni,
kisha ukaachana na mkono, ni wa nani?
Utanywea hewani,
umfikie zimwi kijiti cha kuchokolea meno?
Na ile pishi ya mchele mkobani:
akiila akiwa jitu, uganga ukisha,
shiba ya jitu itakaa tumbo gani?

Asaa akapekua daftari la kanuni kwa tochi ya simu.
Akalifunga.
"Limenyamaza."
Wakanigeukia mimi. Si mimi ndiye fundi?

Nikawaambia ninachokijua.
Miaka ishirini na mbili kwenye cherehani hii
sijaona kitambaa kilichomwonea mtu huruma.
Mtoto wa skuli hukua usiku, bila azima,
asubuhi sare iko palepale
na vifundo vya miguu viko nje, vinacheka.
Mama zao wanajua, ndiyo maana huniambia,
"Fundi, niachie pindo."
Vidole vinne vya kitambaa vimelala ndani, gizani,
vinangoja mfupa.
Uganga wa kukuza ninaoujua ni huo,
nao hwisha ukishafumua mara ya pili.

"Na wa kupunguza?" Kombo akauliza.

Iko kanzu niliyoipunguza mara tatu kwa mwaka mmoja.
Ya kaka yangu Mselem.
Kwanza mabega.
Kisha mbavu.
Mara ya tatu nilikata upya kabisa,
naye kitandani ananiambia,
"Mabaki usitupe, nitanenepa."
Pete yake ya fedha ikawa inazunguka kidoleni,
tukaizongea uzi kwa ndani, uzi juu ya uzi.
Saa ikapanda mpaka kiwikoni.
Hapana kitu kilichonywea pamoja naye,
si kitanda, si mlango,
wala sauti, iliyobaki kimo kilekile
mpaka Alkhamisi.

Haya sikuyasema.
Nilisema: "Vitu havimfuati mtu.
Lakini hapa mezani, vimfuate."
Asaa akaandika.
"Na mshale?" Rukia hakuniacha.
"Mshale nao. Mpaka ufike."

Kastabini ikaondolewa, mahali pake pakafudikizwa
kikombe cha kahawa, bado kina machicha.
Kombo akakitazama kwa fahari, akarusha kwa nguvu za jitu,
dadu likaruka meza, likaingia mvunguni
kwenye kapu la vipande.

Nikainama na tochi mdomoni.
Kabla ya dadu mkono ulikuta kitu cheupe,
laini, upana wa vidole vinne.
"Limetoa ngapi?" wakapiga kelele huko juu.
"Kumi na saba," nikasema.
Sikuwa nimetazama.