Dakika Kumi na Saba

Torgunn huzama mara mbili kwa siku,
maji yakitulia kati ya kujaa na kupwa:
dakika kumi na saba, Eilert akihesabu mashuani
kwa saa ya plastiki na kahawa iliyopoa.
Zikizidi hizo, mlango-bahari huu
hung'oa hata nanga.

Chini, nyuzi sita. Ukutani mwa mwamba
yameota matumbawe laini, meupe, mengine rangi ya chungwa,
manene, yasiyo na mifupa ya kujivunia.
Watu wa huku Norwei huyaita mkono wa maiti.
Yeye hulipita jina hilo kimya kimya,
anapima kwa rula kidole, kidole, kifundo,
anaandika kwa penseli
tarakimu ambazo baridi inazipinda.

Kero yake ni hii: huyakuta yamefumba.
Maji yakisimama, chakula nacho husimama,
na matumbawe hayana miguu ya kukifuata.
Polipu elfu, kila moja na minyiri yake minane,
zimejikunja kama ngumi ya mtoto aliyelala.
Mkono mtupu haulambwi; huu hata haujinyooshi.

Basi aliiacha kamera pale, kaifunga kwa mnyororo,
kesho yake akaitoa.

Usiku, jikoni, alitazama mkondo ukija.
Kwanza polepole: minyiri ikachanua,
ikadaka chembe, ikameza, ikadaka tena.
Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini elfu!
Akacheka peke yake, kuona hata yale ya nyuma
yakila makombo ya yale ya mbele.
Kisha kasi ikapanda. Minyiri ikalala na maji,
chembe zikapita mbele ya midomo iliyo wazi,
karamu nzima ikapita
kama msafara wa harusi ambayo hukualikwa.
Daftarini: panapokabili mkondo, milimita nne kwa mwaka;
ndani ya ufa, pasipofika kitu,
moja, na matope juu yake.

Jumapili alikwenda kwa mama yake, Asbjørg,
katika nyumba ya wazee yenye mapazia ya kijani.
Muuguzi alikuwa na vitanda kumi na viwili vya kumaliza;
kijiko kilikwenda, kikarudi, kikaenda,
uji ukashuka kidevuni hadi kwenye kola.
"Amekataa kula," alisema. "Wiki nzima."

Torgunn akavuta kiti.
Akajaribu kijiko kimoja, akangoja mno:
mama akasahau kwamba kuna uji, akafumba.
Akaharakisha kidogo. Akapunguza.
Nje ya dirisha maji ya bamvua yalikuwa yakijaa.
Mahali fulani kati ya haraka na subira
mdomo ule ulifunguka wenyewe,
na mkono wa kushoto, ambao tangu Februari
ulikuwa umekunjwa kifuani,
ukafunguka kidole, kidole,
ukashika ukingo wa bakuli.

Hakuandika tarakimu yoyote.
Uji ulikuwa umepoa. Akaenda kuuliza kama upo mwingine.