Jino la Mpira

Ilianza kulia tukiwa katikati ya mlangobahari,
mimi, shemeji yangu Dánjal, na kondoo dume aliyefungwa miguu,
tukimpeleka kisiwani kwa wake zake arobaini.
Mlio mmoja, mwembamba, usiopumua.
Kondoo akanitazama kama mimi ndiye niliaye.

Nikazima. Ukungu ukatukalia mabegani.
"Kata waya," akasema Dánjal. "Injini ina miaka thelathini na mmoja.
Mzee gani halalamiki?"
Akaiwasha tena, akanyoosha kidole: "Ona, inakojoa vizuri."
Na kweli, uzi wa maji ulitoka ubavuni,
mnene, mnyoofu, kama wa mtoto asiye na haya.

Lakini lisemwalo lipo.
Tukarudi kwa makasia, maili nzima na ushei,
kondoo akilichukia kila kasia.

Nilianzia chini, pale kila mtu anapoanzia.
Nikavua mguu wa injini: bolti tano zikatoka, ya sita ikakatika.
Nikatukana kwa Kifaroe,
lugha ambayo nadhani iliumbwa kwa kazi hiyo.
Ndani ya pampu feni ya mpira ilikuwa nzima,
meno yake yameinama upande mmoja
kama nyasi za paa letu siku ya upepo.
Nikatia mpya hata hivyo.
Mguu ndani ya pipa la maji, nikawasha.
Dakika nne. Mlio.

Nikaisingizia sensa.
Nikachomoa waya wake: kimya. Nikaurudisha: mlio.
Hapo mtu angeweza kuridhika na kile kimya.
Nikaweka kiganja kwenye silinda ya chini:
vuguvugu, kama shavu la mtu aliyelala.
Ya juu,
mkono ulitoka kabla sijajua nimeutoa.
Nikaitemea mate. Yakaruka, yakafa.

Kumbe ule mkojo ni shahidi wa nusu ya kesi.
Maji yale huchepuka kabla hayajafika kichwani;
yanaapa kuwa pampu inasukuma,
ya huko juu hawayajui wala hawakuulizwa.

Nikafungua thamostati, nikaichemsha katika sufuria ya viazi.
Ikafumbua mdomo kwa wakati wake. Haina kosa.
Nyuma ya makao yake, chumvi,
nyeupe, ngumu, ya kukwangua kwa bisibisi na siki.
Na nyuma ya chumvi, kitu cheusi,
kidogo kama ukucha, kimejikunja penye kona ya njia ya maji
kama mwenye nyumba.

Jino la mpira.

Nikahesabu feni niliyoitoa: meno sita.

Nikaenda ghalani, kwenye kopo la baba.
Baba hakutupa kitu. Misumari iliyopinda, funguo za milango isiyokuwepo,
na chini kabisa, feni aliyoitoa mwenyewe
mwaka ule mikono yake ilipoanza kutetemeka.
Meno matano.

Miaka kumi na mmoja lile jino lilisafiri,
kutoka mguuni hadi kichwani,
safari ya chini ya mita moja.

Alibadilisha feni, akafunga, akaona maji yanatoka, akashukuru.
Hakuhesabu.
Au alihesabu, giza likawa linaingia na kondoo wanangoja.
Sijui. Hili siwezi kulitia sufuriani
nione litafunguka kwa joto gani.

Nikalipachika jino kwenye pengo lake. Likaenea.
Nikarudisha vyote koponi.

Kesho yake tukavuka. Injini ilinguruma tu.
"Kipande cha mpira," akasema Dánjal, "basi."
Kondoo akaruka ufukweni, akapiga magoti, akainuka,
akaenda zake bila kuaga.
Nami nilikuwa nimeweka kiganja kwenye silinda ya juu,
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.