Mpigo wa Saba

Tulianza wanne, Kizota, kwenye mashine ya kusaga,
usiku, mteja wa mwisho akishabeba debe lake la uwele.
Sudai ngoma, Ndahani gitaa, mimi besi,
Mele akinguruma mpaka unga unadondoka toka kwenye kenchi.
Metali ya kasi. Jirani alidhani mkanda umekatika.
Tukajiita Kiangazi.

Sudai alitangulia: reli ilitaka mafundi.
Akaja Chiduo wa Veyula,
mwepesi wa miguu, mzito wa madeni;
miezi minne, katoweka na pedali zetu.
Mele akaokoka. Hatukugombana.
Alirudi mara moja tu, kuchukua ndoo yake.
Ndahani aliondokea elfu sitini
za onyesho la Chang'ombe,
ambako umeme ulikatika wimbo wa pili.
Mimi nikapata meza Mtumba, kitambulisho shingoni.
Besi nikamwachia Mbogoni,
kijana wa mashine aliyekuwa akitufutia pumba kwenye spika.

Miaka tisa.
Juzi nimepita pale na kilo mbili za zabibu.
Ndani vijana wanne, simjui hata mmoja.
Mbogoni naye, wanasema, yuko Singida na alizeti zake.
Wakaanza wimbo wetu wa kwanza.
Nikasimama nje, nahesabu.

Mpigo wa saba,
palepale nilipoteleza usiku ule
kwa lengelenge la mpini wa jembe,
wote wanne wakateleza pamoja,
safi,
kama walivyofundishwa.