Pedi ya Waya

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
duka lina upana wa kitanda kimoja.
Nilipouliza pedi, kijana Semhando
akashusha macho, akanielekeza duka la dawa.
Ya gemu, baba. Ya kompyuta.
Ahaa, akacheka kwa aibu, ya mtoto.
Nikamwachia huyo mtoto. Hakunigharimu kitu.

Akanipangia tatu juu ya kioo.

Ya kwanza nyeusi, haina waya,
nyepesi kama andazi lililoumuka hewa tupu.
Hii ndiyo ya kisasa, mama,
mtu anacheza hata akikaa kule mlangoni.
Chaji? Masaa manne.
Na umeme ukirudi saa nne usiku,
niichaji au niicheze?
Aicheze, nikajisahihisha. Huyo mtoto.
Semhando akakuna kichwa.
Mawasiliano yake nayo ni ya hapahapa Tanga,
yaja leo, yaondoka leo,
na gari langu limeshaingia kwenye kona.

Ya pili ina taa. Nyekundu, kijani, zambarau,
inawaka kama gari la harusi
lililopotea nyumba huko Makorora.
Na ukigongwa inatetemeka! akasema kwa fahari.
Mwanangu, miaka ishirini na sita juu ya cherehani,
kutetemeka ninako nyumbani.
Nikagusa kijiti kwa gumba, nikakiachia.
Kwenye skrini yule mtu akaendelea kutembea,
polepole, kushoto, kushoto,
mpaka akagota ukutani na miguu bado inakwenda.
Nimewahi kuolewa na mtu wa namna hiyo.
Nikairudisha.

Ya tatu ilikuwa ya mtumba,
imefungwa utepe shingoni pale waya unapotokea,
herufi za vibonyezo zimefutika.
Kile cha kulia kabisa kiling'aa
kama kastabini yangu.
Nani alikibonyeza hivyo?
Mwenye hasira, labda. Au mtoto
aliyekuwa anashindwa na kurudia,
anashindwa na kurudia,
mpaka wakamwita chakula mara ya tatu.

Gumba langu la kushoto halikunjiki lote.
Mwaka ule wa sare, sketi mia na arobaini,
sindano iliingia juu ya kucha ikatokea chini
na mimi nikamalizia kiuno kwanza.
Pedi zote nilizoshika zinataka gumba zima.
Hii kijiti chake kimekaa juu kidogo,
kimelegea kwa kutumika,
na gumba likalala pale lenyewe
bila kuambiwa.

Hiyo haina hata boksi, mama.
Boksi halichezi.
Mtoto hataipenda.
Ataipenda.

Akaichomeka. Tukangoja, yeye na mimi na inzi mmoja.
Kompyuta ikaisoma.
Yule mtu kwenye skrini akasimama tuli,
hajui aende wapi mpaka nimwambie.

Elfu kumi na nane.
Nikasema kumi. Akasema mama, nitafukuzwa.
Nikasema duka ni la nani? Akasema langu.
Tukacheka. Kumi na tatu,
na moja ya noti ilikuwa na uzi mweupe
ambao sote wawili tuliuona na hatukuusema.
Mlangoni akaniita: mtoto ana miaka mingapi?
Hamsini na mbili, nikasema,
lakini baiskeli ilikuwa inapita na kengele,
sijui kama alisikia.

Sasa ni saa sita. Cherehani nimeifunika kanga.
Kompyuta, masalia ya ofisi iliyofungwa Chumbageni,
inakohoa mezani, hapo hapo pa mchana.
Waya unapita juu ya mkasi, juu ya chaki,
juu ya gauni la watu la Jumamosi.
Mzunguko wa tatu, niko wa pili,
wa mbele yangu ananirushia vumbi.
Bi Mwanjaa anagonga ukuta:
jirani, unashona mpaka saa hizi?

Namalizia pindo, nikamjibu,
na kona ilikuwa inakuja.