Bitana

Mwalimu Gaudensi alinipa nakala iliyofifia,
karatasi moja kwa watu watatu,
akasema, "Eustella, wewe sauti ya pili."
Nikautazama mstari wangu:
so, so, so, so,
la kidogo, kama mtu aliyechungulia dirishani,
kisha so tena mpaka Amina.

Nikasema moyoni: nimetoka Tandika kwa miguu,
nimeacha sare ishirini na mbili hazijatiwa vifungo,
nije kusimama juu ya so
kama mlinzi wa benki?

Sauti ya kwanza wana ngazi zao.
Oresta akiishika do ya juu
hata watoto wa Utoto Mtakatifu wanageuka.
Ladislaus, fundi wa mageti, akishuka na besi
mabenchi yanaitikia.
Lakini nani aliwahi kutoka kanisani
akienda zake sokoni, anaimba sauti ya pili?

Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja na nusu,
chini ya pangaboi moja iliyo hai,
hatukuimba. Tulihesabu.
Wiki tatu tunapiga makofi kama darasa la kwanza,
na Ladislaus, mwenye wajukuu, akikosea kila palipo na kituo.
"Kimya nacho kimeandikwa," alisema Mwalimu,
"kina mwenyewe. Usiingie bila hodi."
Filmini alipobonyeza kitufe cha mdundo
kinanda kikaanza kukata kiuno.
Mwalimu akakizima taratibu:
"Mwanakondoo wa Mungu, baba,
hakimbizwi."

Dominika ya tatu ya Kwaresima nilikuwa na mafua.
Tekla alikuwa zamu ya usiku hospitali ya Temeke,
wengine wamekwenda msibani Kilwa.
Nikakaa benchi la nyuma na leso yangu,
kwa mara ya kwanza nikaisikia kwaya yetu
kama anavyoisikia mtu aliyekuja kusali.

Oresta alikuwa juu. Ladislaus alikuwa chini.
Katikati palikuwa wazi.
Niliijua hali ile, nimeiona dukani:
gauni zuri, mshono safi,
mwenye nalo anasimama mlangoni, jua nyuma yake,
na miguu yote inaonekana.

Hakuna aliyegeuka. Padre aliendelea na sala.
Ni mimi tu niliyekuwa nikiitafuta ile so
kwa koo lililofunga,
mdomo wazi, bila sauti.

Sasa ninazo karatasi za paterni,
upande wa pili mweupe.
Usiku umeme ukikatika nasukuma cherehani pembeni,
nawasha taa ya chaji,
naandika wimbo wa katikati wa Dominika ijayo.
Naanza na sauti ya pili.
Wengine nawashonea juu yake.

Jana nilimpelekea Mwalimu.
Alivaa miwani, akaivua, akaipangusa kwa shati, akaivaa.
Akaimba zote nne kwa kunong'ona, kidole kikitembea.
Kisha akatoa kifutio mfukoni.
"Hapa Ladislaus atakufa," alisema,
"hana pumzi ya mapigo saba."
Akafuta. Akapuliza vumbi.
Sauti ya pili hakuigusa.

Nilingoja aseme neno juu yake.
Akanirudishia karatasi, akauliza
kama suruali yake imekwisha.