Mafundo ya Kamba

Mhando kaja na mita, kaifunga kisimani,
Karatasi kafumbata, ya kibali mkononi,
Kasema: "Hayo wachota, yana bei vitabuni."
Ndoo zangu zimesita, nami kimya mlangoni.

Mimi sheria sipingi, ada nimeshaitoa,
Risiti zangu ni nyingi, koponi nazichopoa,
Ila ng'ambo ya msingi, kisima wametoboa
Watengeneza barafu, chini mita themanini.

Gari lao likipita, barabara ya Sahare,
Mchirizi wafuata, maji yamwagika bure,
Wajukuu waokota, nami nachezewa shere:
Maji yangu yameganda, nayanunua dukani.

Hii hapa ndiyo kamba, ya katani ya Muheza.
Kisima tulipochimba, mafundo sita nasaza;
Leo inagonga mwamba, kwa khanga naiongeza,
Na chai ya asubuhi, ina chumvi kikombeni.

Huku juu kuna ua, mlinzi na taa kali,
Lakini ukifukua, chini hakuna mahali
Pa ua; wakipakua, fungu langu lenda mbali.
Sahani moja ya Tanga, vijiko viwili ndani.

Nikamuuliza: "Bwana, iko wapi ile safu
Ya chumvi? Sijaiona, ni ujazo na sarafu.
Je, lita zinalingana, ya kwangu na ya barafu?
Anywaye na auzaye, wapimwa ratili gani?"

Kijana akapachika, kalamu kwenye sikio,
Kasema: "Walioweka, ofisini, kwa kisio,
Kamba hawajaishika, chumvi kwao simulio.
Hebu itandaze hapa, tuhesabu barazani."

Tukahesabu pamoja, miaka kumi na sita.
Kila fundo lina hoja: hili, mchicha wasota;
Hili, usiku mmoja, ng'ambo injini yavuta.
Akayaandika yote, nje ya safu, ukingoni.

Bili imeshanifika, shilingi si za kutisha,
Nalipa bila kucheka, wala sura kuvimbisha.
Nyuma yake naandika: "Khanga nayo imekwisha."
Naituma kwa Mhando, aitie ukingoni.