Nozeli ya Tatu

Kijana wa sheli pale Isevya haamini.
"Dizeli," namwambia.
Anazunguka nyuma, anakagua bomba la moshi,
ananikagua na mimi.
"Dada, kadogo haka ni ka petroli."
Siku moja alishinda yeye:
lita nne ziliingia kabla sijageuka.
Tulilisukuma mpaka chini ya mwarobaini,
tukanyonya kwa mpira hadi midomo ikafa ganzi,
na kuanzia hapo mji mzima unaniita Mama Dizeli,
mimi ambaye hata mtoto sina.

Nililinunua kwa daktari aliyehamishiwa Songea.
Jekundu, rangi ya pilipili iliyokauka,
fupi, limeinama mbele kama beberu anayetafuta ugomvi.
Milango miwili tu na ule wa nyuma wa mizigo.
Mama huingia kiti cha nyuma kwa awamu:
kwanza kanga, halafu goti, halafu lawama.

Lakini nipe lami ya Nzega, asubuhi, barabara tupu,
gia ya tatu,
mshale ukigusa elfu mbili
turbo inapiga mluzi mwembamba
na mgongo wangu unakumbuka kwamba kiti nacho kina mgongo.
Miombo inakimbia kurudi Tabora,
mizinga ya nyuki inaning'inia, sihesabu,
malori ya tumbaku nayaacha yakikohoa
na tanki bado limejaa, kama mgeni aliyekataa kula.

Lami ina mwisho. Mwisho wake, kwangu, ulikuwa jiwe,
njia ya Goweko, jiwe dogo tu,
na sampu ikapasuka.
Oili ilitoka polepole juu ya mchanga mweupe,
nikasimama naitazama
kama mtu anayetazama mshahara wake.

"Gari hili halina ndugu hapa," alisema fundi Mlekwa.
Kweli. Mkanda wa taimingi ulitoka Dar kwa basi,
filta ilipitia Mwanza,
vipuri vyake vimetembea kuliko mimi.
Nina daftari. Naandika kila kitu:
oili kila kilomita elfu tano,
siyo elfu kumi kama kitabu kinavyosema;
kitabu hakijawahi kula vumbi la Agosti.
Maji kwenye filta ya dizeli, mwaga kila Jumamosi.
Asubuhi za baridi, subiri taa ya plagi izime,
ndipo uwashe. Subiri.

Julai likaanza kutetemeka.
Mlekwa aliweka bisibisi sikioni siku mbili,
akasema pampu, akasema milioni na laki mbili.

Baba akatoka ndani na kikombe chake.
Miaka thelathini karakana ya reli,
injini za treni alizipa masikio yote mawili,
wao wakampa saa ya ukutani
ambayo hasikii ikigonga.
Hakuuliza. Aliweka kiganja juu ya boneti,
akafumba macho, kama anapima homa ya mtoto,
akakisogeza kidogo, akakituliza.
Akainua vidole vitatu.

Tukafungua. Nozeli ya tatu
ilikuwa inakojoa badala ya kupuliza.
Mlekwa hakusema neno, alifuta mikono muda mrefu.

Jioni nikampeleka baba barabara ya Nzega.
Alikaa wima, amevaa koti la kwendea pensheni.
"Linapiga kelele?" akauliza, kwa sauti kubwa kama kawaida yake.
Nikatikisa kichwa: ndiyo.
"Kelele gani?"

Nilitafuta neno toka kizuizi cha magari mpaka kwenye daraja.
Sikulipata.
Nikachukua mkono wake nikauweka juu ya gia,
wangu juu ya wake,
nikakanyaga.
Elfu moja mia tano. Mia nane. Elfu mbili.

Mdomo wake ulifunguka kidogo.
Nikangoja aseme.

"Klachi," akasema baba,
"ina miezi miwili."